Kisima Nilishuka Mimi, Ubeti Akapata Kaniki

Vijana wa kikundi, mmeniomba niwaandikie namna ya kughani mashairi mbele ya watu, kwa kuwa mimi nimestaafu na ninyi ndiyo kwanza mnaanza. Nimekubali. Ila msitarajie niandike kama mwalimu wa darasani. Nitaandika kama ninavyozungumza barazani kwangu hapa Mwabungo, nikiruka huku na huku, na aliyechoka aende akanywe maji. Akirudi atanikuta bado nasema.

La kwanza, usile halua kabla ya kughani. Halua ni tamu lakini huganda kooni, na ukifika kwenye sauti ya juu utatoa mlio wa bata. Embe bichi pia usiguse, wala maji ya barafu. Tafuna kipande kidogo cha tangawizi, kaa kimya, waache wenzako wapige soga. Vipaza sauti vyenu vya siku hizi vina mashine ya mwangwi, na mtu akikohoa anasikika kama yuko pangoni, lakini mashine haimfichi mwenye koo chafu. Humtangaza.

La pili ni pumzi. Kila mshororo wa shairi letu una vipande viwili. Vuta pumzi kabla ya mshororo, uibane, uitoe polepole mpaka kina cha mwisho. Ukivuta pumzi katikati ya kipande umelikata neno kichwa na kiwiliwili. Mimi nilijifunza kwa kusimama nje ya nyumba ya marehemu mama nikighania kuku, na mama akisema, "Yule jogoo amekushinda, rudia."

La tatu ndilo lililonileta hapa. Sikiliza pazia.

Mnajua desturi yetu. Harusini na kwenye khitima wanaume huketi upande huu, wanawake upande ule, katikati pana turubai au kanga zilizotungwa kwenye kamba. Huwaoni, wala hawakuoni. Basi wanaume msiwategemee, maana watasema "ahsante, ahsante" hata ukilia kama punda, ilimradi pilau iko njiani. Mahakimu wako nyuma ya pazia. Ukisikia vijiko vinagonga sahani, huna watu. Vijiko vikinyamaza, umewapata. Na ukisikia mtu anapenga kamasi, basi shairi limefika nyumbani kwake.

Mke wangu Mwanakombo hupenga mara mbili, ya kwanza fupi, ya pili ndefu. Naijua sauti hiyo kama ninavyojua mlango wangu unavyolia. Mara ya kwanza kuisikia nikiwa kazini ilikuwa kwenye khitima moja Msambweni. Niko katikati ya shairi, sauti yangu imetulia, pumzi ziko sawa, mara nyuma ya pazia, fupi, kisha ndefu. Moyo ukanijaa. Nikasema moyoni, leo nimemliza mke wangu.

Tuliporudi nyumbani nikamwuliza, "Leo umelia, Mama Zuhura?"

"Nimelia, Baba Zuhura. Yule mtu ana maneno, Wallahi."

"Mtu gani?"

"Kaniki, bwana. Kwani shairi lilikuwa la nani?"

Hapo ndipo wivu uliponiingia, nao haujatoka mpaka leo. Sikumshuku mke wangu, msije mkanielewa vibaya. Kaniki hakuwahi hata kumwinulia macho. Afadhali angemwinulia, ningempiga nikamaliza. Lakini mtu utampigaje kwa sababu ya vina?

Sasa niwaambie Kaniki ni nani, kwa sababu ninyi mnamwona mzee anayeshona makuti kando ya barabara mkampita na pikipiki zenu. Jina lake la kweli ni Rashidi. Kaniki ni lakabu yake ya utunzi, na alijichagulia mwenyewe, akisema kaniki hata ukiifua kwa sabuni ya namna gani rangi yake ni ile ile. Mimi lakabu yangu ni Kasuku. Hiyo sikujichagulia. Nilipewa na watu kwa kuwa nilikuwa nikighani maneno ya mwenzangu, na kila nikiikana ndivyo ilivyozidi kunata.

Kabla ya makuti Kaniki alikuwa mchimba visima. Alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na mashangazi, leo huyu kesho yule, kama sufuria ya kuazimana. Aliyekuwa wake peke yake ni ndugu yake mdogo, Saidi. Walichimba visima pamoja, Ukunda mpaka Majoreni, katika hili jiwe letu la matumbawe linalovunja sululu. Saidi alikuwa mwepesi, ndiye aliyeshuka. Kaniki alikaa juu na kamba. Na kwa sababu aliye juu hamwoni vizuri aliye chini, walikuwa na kawaida yao: Saidi akichimba huku akiimba. Wimbo ukisikika, mambo ni salama. Siku moja ukuta wa kisima uliporomoka na wimbo ukakatika. Kaniki aliita mle shimoni mpaka sauti yake ikaharibika, na haikurudi tena. Tangu siku hiyo husema kwa mkwaruzo, kama mtu anayekokota kiti sakafuni.

Ndiyo maana alihitaji mghani, na ndivyo nilivyopata kazi. Haya, mnaona nilivyoanza? Mkate wangu niliupata kwenye koo lililokufa la mwenzangu, na bado nikamwonea wivu.

Kaniki hakuandika. Alikuwa akishona makuti, mimi nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, yeye anatamka mshororo, mimi narudia. Akisikia nimekosea haniambii. Husimamisha sindano tu, akangoja. Shairi la kwanza alilonipa ni "Kamba", na ubeti wake wa kwanza wengi wenu mnaujua:

Shimo tulilolichimba, kwa sululu na vicheko,
Ndugu yangu akiimba, wimbo ukitoka huko,
Ukuta ukamkumba, ukakatika mwitiko,
Ningali nashika kamba, mwenye uzito hayuko.

Nilipoumaliza kuurudia mara ya kwanza, nilitaka kulia na nilitaka kumpiga teke. Sijui ni lipi lililotangulia. Mimi nilikuwa na mashairi yangu mazuri ya minazi na mwezi, vina vimenyooka, mizani hata moja haikuzidi, na hakuna aliyeyaomba mara ya pili. Huyu hapa na sindano ya makuti mkononi, anasema tu kilichomtokea, na mtu unabaki umeshikilia kitu hewani.

Nimemghania miaka mingi, na nimegundua jambo ambalo wasomi wanaokuja kumrekodi hawalioni haraka. Wao husema mashairi ya Kaniki yana giza. Ni kweli, lakini giza lake lina umbo. Kila shairi lake, liwe la mapenzi, la siasa, la mbuzi aliyepotea, lina mtu aliye chini na mtu aliye juu, na kati yao pana kitu chembamba kinachotaka kukatika. Alitunga shairi la mama anayempigia simu mwanawe aliye Uarabuni, na simu ikawa kamba. Alitunga la mgonjwa, na mkono wa mkewe ukawa kamba. Hawezi kutazama dunia ila kutoka ukingoni mwa kisima. Maisha yamemsimamisha hapo, na hapo ndipo anapoona.

Mimi maisha yalinisimamisha wapi? Sebuleni. Mama yangu alinilea mpaka nikaota mvi naye yupo. Nyumba yangu haivuji. Mke wangu ananipenda na watoto wana afya. Naamka asubuhi nasema alhamdulillahi, kisha nachukua kalamu nitunge, hakuna kitu. Nilimwonea wivu Kaniki mpaka nikamwonea wivu na misiba yake. Najua hilo si neno la kutamka Mwislamu, lakini ndivyo nilivyohisi. Nilijiona nimenyimwa.

Kwa hiyo mkinisikia nikisema maneno makali juu yake, mjue yanatoka wapi.

Hebu niwape kisa cha kuwafunza. Kulikuwa na harusi Gazi. Nimeghani la kwangu, vijiko vinagonga, sina watu. Mara bibi mmoja akapaza sauti nyuma ya pazia, "Kasuku, tughanie Kamba!" Na mimi kwa tamaa ya kunyamazisha vijiko nikaghani. Ubeti wa tatu haujaisha, bibi harusi wanja umemchuruzika mpaka kidevuni, na mama yake bwana harusi kainuka kwenda kuuliza nani kafariki. Baba wa bibi harusi akanijia, ameshika kofia mkononi.

"Bwana Kasuku, sisi tumekuita utuozee au utuzikie?"

Nikaondoka kwa mlango wa jikoni. Basi shikeni hili: sauti ya nyuma ya pazia si ruhusa. Mwenye shughuli ndiye wa kuulizwa.

Pia nilighani kwenye hoteli moja Diani, alasiri, wageni wanapopokewa kwa madafu. Hapo niliipeleka "Kamba" makusudi, nikijua hawaelewi Kiswahili, nione kama bila maneno bado ni ya Kaniki. Wageni wakapiga makofi kwa kufuatisha, wanatabasamu, na mmoja akacheza. Meneja, kijana wa bara, mwungwana kabisa, akanivuta kando.

"Mzee, sauti iko sawa sana, lakini hiyo kitu ni ya huzuni. Waiter wangu mmoja ameanza kulia na ako na tray. Huna ile iko na beach, minazi, watu wana-enjoy?"

Nikamwambia ninayo, tena ni ya kwangu mwenyewe. Aliipenda mno. Akaniomba niighani kila alasiri, na kila alasiri nilijua zaidi kwamba nimekwisha.

Sasa nije kwenye kisima.

Binti yetu Zuhura alipoposwa na kijana wa Lunga Lunga, nilisema hii ndiyo siku yangu. Desturi baba hutoa neno la kumuaga mwanawe, na mimi baba ni mghani. Nitasimama, nitaghani shairi langu, nililotunga mwenyewe kwa mwanangu mwenyewe, na nyuma ya pazia nitasikia fupi kisha ndefu. Nilitaka hilo tu. Ninyi bado vijana mtaliona dogo, lakini mimi nilikuwa nimelitamani tangu ile khitima ya Msambweni.

Nikatunga, nikampelekea Mwanakombo jikoni. Nikamghania taratibu, yeye anakuna nazi:

"Bwana harusi hongera, hongera bibi harusi…"

Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akapangusa mikono.

"Limekaa vizuri, Baba Zuhura. Lakini mtoto ni mmoja wa kike. Kwa nini usimwombe Kaniki akutungie?"

Nilitoka nje. Nikakaa chini ya banda la kuni, sikula siku ile. Alikuja kuniita mara kadhaa, nikajibu tumbo linaniuma, naye akaniletea bizari kwenye maji ya moto, kwa hiyo nikanywa na bizari juu ya wivu.

Na pale bandani ndipo nilipopata akili, ikiwa ile ni akili. Nikasema: mimi na Kaniki tofauti yetu ni kisima. Yeye amekiona, mimi sijakiona. Basi nami nitashuka nikakae mle, nione hilo giza, nitoke na shairi.

Nyuma ya shamba la Ali mgema palikuwa na kisima cha kale kilichokauka. Nikamwendea Ali, nikamwambia nimeangusha saa. Hakuuliza saa imefikaje shambani kwake, maana wagema hawaulizi sana. Akanifunga kamba kifuani, akaizungusha kwenye shina la mnazi, akanishusha. Nilipofika chini akanipigia kelele, "Ukiiona niite!" akaenda zake kupanda mnazi mwingine.

Niliketi. Palikuwa na ubaridi na harufu ya majani yaliyooza. Juu niliona duara la mbingu. Nikangoja giza linipe neno. Baada ya kitambo nikaona macho mawili yananitazama, nami nikatunga, maana kazi ni kazi:

Kisima nimekishuka, nikaonana na chura,
Macho yamemtumbuka, hana haya wala sura…

Hapo nikajua sitatoka na lolote. Nikamwita Ali. Akaja, akavuta. Sikupanda. Mnisamehe, enzi hizo nilikuwa na mwili, mapilau ya watu yale si mchezo. Akavuta tena, kamba ikasugua ukingo, na mawe madogo yakaanza kunidondokea kichwani. Moja, halafu konzi nzima. Kisha nikasikia ukuta wa kisima unatoa mlio, kama mtu anayesaga meno. Wivu wote ukaniruka. Nilikumbuka ubeti wa kwanza wa "Kamba", neno kwa neno, na safari hii haukuhitaji mghani.

Nikapiga ukelele. Ali akapiga ukelele. Watu wakaja, nikiwasikia wanawake kwanza, na mmoja wao sauti yake ni ya mke wangu. "Baba Zuhura! Umefuata nini humo?" Wanaume walikuwa mbali, wengine makazini, wengine Kona ya Musa sokoni. Aliyekuwa karibu ni mmoja, pale anaposhona makuti.

Eleweni kwamba tangu siku ya Saidi, Kaniki hakugusa kamba. Hakufuga mbuzi, asije akamfunga. Maji alinunua kwa wauza madumu, na mwenye kisima akimkaribisha achote bure alishukuru akapita. Kila mtu Mwabungo alilijua hilo, kwa hiyo alipofika pale ukingoni kelele zote zilinyamaza. Mimi chini niliona kichwa kimezuia kipande cha mbingu.

Kisha ile sauti ya mkwaruzo ikashuka.

"Kasuku."

"Naam."

"Imba."

"Niimbe nini, ndugu yangu?"

"Imba chochote. Nisikie upo."

Nami katika mashairi yote niliyoyahifadhi, ya kwake na ya kwangu, lililokuja mdomoni ni moja tu. Nikaanza, vumbi linaniingia puani: "Bwana harusi hongera, hongera bibi harusi." Na juu, Kaniki akaitikia, "Hongera!" akavuta. Ali akashika nyuma yake, na wanawake wakashika nyuma ya Ali. Nikighani mshororo, anaitikia hongera, napanda. Nikisimama kupumua, ananikemea, "Imba, wewe!" Nimeghani mbele ya waheshimiwa na masheikh, lakini sijawahi kusikilizwa namna ile.

Nilipotoka nikalala kifudifudi kwenye majani. Viganja vya Kaniki vilikuwa vimechunika, damu inatoka, na bado hakuiachia kamba. Ilibidi Ali amfungue vidole kimoja kimoja. Na Mwanakombo alikuwa amekaa chini, analia. Nikaisikia, fupi kisha ndefu.

Sasa niambieni ninyi mlio na akili mpya. Yale machozi yalikuwa ya nani? Yangu mimi niliyetoka shimoni nina majani kichwani, au ya yule aliyeshika kamba? Nimemwuliza mke wangu mara nyingi. Kila mara jibu ni lile lile: "Shuka tena, ujue."

Tulirudi pamoja mimi na Kaniki, yeye mikono imefungwa kanga ya mke wangu. Nikamwambia ukweli, kwamba nilifuata giza nitungie shairi. Nilidhani atakasirika. Akasimama njiani, akanitazama kama mtu anayetazama kuti lililooza, asijue aliweke wapi.

"Wewe unadhani giza ndilo linalotunga?" akasema. "Giza halitungi kitu, Kasuku. Siku zangu mbaya mimi hata salamu siitikii. Nalala nimeelekea ukutani, watu wanadhani nina jini. Siku hizo sina shairi, sina hata jina. Mimi hutunga siku ninayopanda. Ninapofika ukingoni nikaona watu, basi nasema haraka kabla sijarudi."

Mimi nilikuwa na vumbi mpaka masikioni. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu huzuni yake ni kipaji. Nilikuwa nikiitamani kama mtu anavyotamani kanzu ya mwenzake, sikujua ndani ina miiba. Wapo kati yenu wanaoanza kunywa na kukesha ili watunge mashairi yenye uchungu. Acheni. Akija mtu wa kweli mwenye uchungu, atawaambia yeye hujitahidi kutoka.

Mngedhani wivu wangu uliishia pale. Haukuisha. Ulipata chakula kipya.

Siku mbili tatu kabla ya harusi, Kaniki aliniita. Mikono haijapona, makuti hashoni. Akanipa shairi la kumuaga Zuhura, na kibwagizo chake, kila ubeti ukiisha, ni hiki:

Leo naachia kamba, mwanangu shuka salama.

Kisha nikamwambia, "Kaniki, kisima nilishuka mimi."

Akasema, "Najua."

"Kamba ilinifunga mimi. Mawe yalinipiga mimi. Mimi ndimi baba."

"Najua, Kasuku."

"Na ubeti umepata wewe!"

Akacheka. Sijui kama mmewahi kumwona Kaniki akicheka, ni nadra kama mvua ya Januari. Mimi sikucheka. Maneno yale yalikuwa yangu, yalikuwa mle kisimani nilimokaa, nami nikamwona chura tu.

Niliyaghani. Ningefanyaje? Mtoto ni mmoja wa kike. Nilisimama na kanzu mpya, tangawizi mdomoni, nikavuta pumzi kabla ya mshororo kama nilivyowafundisha hapo juu, na nilipofika "leo naachia kamba" vijiko vyote vilinyamaza, hadi vya wapishi. Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wengi, na katikati yao nikamsikia wangu. Baada ya tamati wazee wakanijia, wakanishika mkono kwa mikono miwili. Wakasema, "Kaniki huyo! Kaniki hana mfano!" Nilikuwa nimesimama pale, baba wa bibi harusi, jasho linanitoka, na naambiwa Kaniki hana mfano.

Kisima kile kilifukiwa. Ali mgema bado ananiuliza kuhusu saa.

Sasa sighani tena. Kifua hakinibebi, na meno ya mbele yameniaga, nikisema "salama" inatoka kama tairi linalovuja. Kaniki naye amezeeka, siku zake mbaya zingalipo, ila sasa zikimjia mimi huenda nikakaa naye ukutani. Haniitikii. Namghania la "Bwana harusi hongera" polepole, mpaka nisikie ile sauti ya mkwaruzo ikisema hongera. Wakati mwingine huchukua mchana kutwa.

Juzi tumekaa barazani, Mwanakombo ameleta kahawa na kaimati, Kaniki akasema ghafla, kama mtu anayetaja bei ya makuti:

"Kasuku, nimeshakutungia."

"Umenitungia nini?"

"La siku yako."

Kahawa ikaniunguza. Nikamwambia anighanie, au anitamkie tu, hata mshororo mmoja. Akakataa. Nikamwomba kibwagizo. Akakataa. Nikamwambia, wewe mtu mbaya, mashairi yako yote yamepita kwenye koo langu, iweje hili, linalonihusu mimi, lipite kwa mwingine?

"Utalisikiaje nawe umelala?" akasema. "Nitamfundisha mmoja wa wale vijana. Mwambie ubeti wa tatu una pumzi ndefu."

Nikamtazama Mwanakombo. Alikuwa ameshika sinia, ameelekeza uso wake bustanini, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, nikajua analia.

Basi ndiyo maana nimewaandikia haya yote, maana mmoja wenu atalighani, na simjui ni nani, na namwonea wivu tangu leo. Usile halua. Tafuna tangawizi. Ubeti wa tatu vuta pumzi kabla, usivute katikati. Usitazame jeneza, wala usimtazame Kaniki, atakuwa amesimama karibu na mlango na mikono nyuma. Sikiliza pazia. Ukisikia fupi kisha ndefu, usisimame, endelea mpaka tamati. Halafu baadaye, watu wakitawanyika, mwendee Mwanakombo taratibu, umwamkie shikamoo, umwulize kwa niaba yangu alikuwa akimlilia nani.